Mvua Iliyonyesha Katikati

Ilianza Jumamosi, saa tisa na robo alasiri. Saa naikumbuka kwa sababu nilikuwa nimesimama chini ya saa ya ukutani pale ghalani, nimeshika chupa ya chai ya Baba, na nilikuwa naitazama ile saa ili nisitazamane na watu. Ndivyo nilivyo. Penye watu wengi natafuta kitu cha kutazama, nakikazia macho hicho mpaka niondoke.

Nilikuwa nyumbani kwa likizo ya katikati ya mwaka, kidato cha pili. Baba alikuwa dereva wa lori kwenye shamba la serikali la ngano. Kazi yake ilikuwa kupokea ngano kwenye kombaini huko shambani na kuileta ghalani kambini, kutwa nzima, mpaka uso wake ukawa na rangi moja na barabara. Sisi asili yetu ni Daudi, kule juu Mbulu. Baba na Mama waliteremka Hanang shamba lilipotafuta madereva, tukapewa nyumba ya kambi, vyumba viwili na jiko la nje.

Basi lori likaingia. Msimamizi wa ghala, mzee mnene mwenye maneno mengi, akapanda kwenye bodi kama kawaida yake, akatumbukiza mkono kwenye ngano mpaka kwenye kiwiko. Akautoa. Punje zilikuwa zimeng'ang'ania mkononi kama zimepakwa gundi.

"Dereva," akasema, "hii ngano imetokwa jasho?"

"Mvua," Baba akasema.

Watu wakacheka, na hata mimi ningecheka kama asingekuwa baba yangu. Ulikuwa wakati wa kiangazi. Mbingu ilikuwa nyeupe kwa vumbi. Kuku wa kambini walikuwa wanaoga vumbi hapo hapo mbele ya mizani.

"Mvua gani hiyo?" msimamizi akauliza. "Ina kadi ya chama nini, ichague wa kumnyeshea?"

Meneja akaja. Alikuwa kijana, mgeni wa mkoa wetu, mpole, na hakupenda kelele. Naye akaishika ngano, akainusa, akamwambia karani akalete kipimo cha mvua kutoka nyuma ya ofisi. Karani akakileta na kukipindua mbele ya watu wote. Kikadondoka kibuibui kimoja kikavu.

Wakawapigia wa shambani kwa simu ya upepo. Nilisikia sauti ikikwaruza kwenye redio: huku kukavu, tunavuna, hakuna hata wingu. Kisha mlinzi wa bwawa, aliyekuwa amekuja kuchukua mshahara wa jua, yaani kukaa kivulini na kusikiliza ya watu, akasema bila kuulizwa kwamba yeye amemwona dereva bwawani mchana, lori limesimama, ana ndoo mkononi, anachota maji.

"Rejeta ilichemka," Baba akasema. "Nikangoja ipoe."

"Sikatai," mlinzi akasema. "Nimesema tu nilichokiona."

Hapo kicheko kikaisha. Kila mtu pale kambini aliijua hila ile. Dereva anateremsha magunia kadhaa njiani kwa mtu wake, halafu anamwagia maji ngano iliyobaki ili mizani isigundue. Ilishawahi kusemwa juu ya madereva wengine. Juu ya Baba, kamwe.

"Na turubai?" meneja akauliza. "Lori hili lina turubai lake. Liko wapi?"

Baba akatazama chini.

"Nimeliacha mahali."

"Mahali wapi?"

"Mahali."

"Na hiyo mvua ilikunyeshea wapi?"

"Njiani."

Mimi nilijua mahali penyewe. Nilikuwa nimekaa chini ya lile turubai tangu asubuhi. Kulikuwa na msiba kwenye kijiji kilichoko kati ya shamba na kambi, upande wa kuelekea Getanuwas. Bibi mmoja alikuwa amefariki, mke wa mzee aliyetupokea tulipofika Hanang hatujui mtu. Mzee huyo ndiye aliyetupa ng'ombe wa kukamua mpaka tukapata wetu. Utingo wa Baba alikuwa mpwa wa marehemu, akapewa ruhusa aende kuzika, na alipokwenda Baba alimpa turubai la lori lifungwe pale uani, watu wapate kivuli. Kiangazi kile nani angewaza kufunika ngano?

Na mvua nilikuwa nimeiona. Ilikuja ghafla kutoka upande wa mlima, wingu moja tu, jembamba kama kitambaa, likamwaga maji juu ya kijiji kile na kipande cha barabara, likaisha. Nilisikia hata lori likipita katikati ya ile mvua. Nilijua ni la Baba kwa mlio wake, lakini sikuwaza chochote. Mvua ilipokatika Mama akaniambia nirudi kambini nikamchemshie Baba chai, yeye akabaki na wanawake wenzake jikoni. Nikapita njia ya mkato. Mbele kidogo tu ya kijiji nilikuta ardhi kavu kabisa, mpaka nikageuka nyuma kuhakikisha kwamba sikuota.

Haya yote nilikuwa nayo mdomoni, nimesimama chini ya saa. Lakini wale walikuwa wanaume wazima wanazungumza, na mimi nilikuwa binti mwenye chupa ya chai. Kwetu hukatizi watu wazima. Unangoja uulizwe.

Nikaulizwa. Meneja aliniona, nikamwamkia, shikamoo, akaitikia marahaba, akasema kwa upole, "Binti, nyumbani kwenu leo mvua imenyesha?"

Nyumbani kwetu ni hapo kambini, unaweza kupiga mluzi ghalani ukasikika.

"Hapana," nikasema.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Nguo ziko kavu kwenye kamba."

Msimamizi akapiga makofi. "Mtoto hajui kusema uongo!"

Na ni kweli, sikusema uongo. Nilijibu swali kama tunavyojibu shuleni, sentensi kamili, bila kuongeza lisiloulizwa. Nikamtazama Baba. Hakukasirika. Alinitazama kama mtu anayekuomba usiendelee.

Meneja akasema, "Ndugu dereva, shambani kukavu. Kambini kukavu. Bwawani ulionekana na ndoo. Ngano yako ina maji, turubai huna, na husemi liko wapi. Ungekuwa mimi ungesema nini?"

"Ningesema ni mvua."

Safari hii hakuna aliyecheka. Meneja akachukua ufunguo wa lori. Akasema anampa Baba mpaka giza liingie alete turubai au maelezo, na kama hakuna, asubuhi yake atapeleka habari polisi Katesh. "Unisamehe," akasema. "Ngano hii ni ya wananchi, si yangu." Nadhani alikuwa anaomba radhi kwa moyo kabisa, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Tukarudi nyumbani. Baba akakaa kwenye kigoda, nikammiminia chai, akaishika tu. Mimi nilikuwa nayahesabu moyoni yatakayofuata. Kazi ikiondoka, nyumba inaondoka, kwa sababu nyumba ni ya shamba. Nyumba ikiondoka tunarudi Daudi, kwenye kishamba cha babu ambacho ami zangu wanakigombea tayari. Na jina la mwizi tutapanda nalo mlima. Shule nayo sikutaka hata kuiwaza.

"Baba, kwa nini usiseme?"

"Niseme nini?"

"Turubai liko wapi."

"Wewe unajua liko wapi?"

"Najua."

"Basi watu wawili tunajua. Wanatosha."

Kisha akaanza kuzungumza mwenyewe, kwa sauti ya chini, kama anamwambia kikombe. "Nikisema, yule mzee wa ghala ataondoka sasa hivi na vijana wake, atakwenda kulikata kamba. Wageni waliotoka Bashay wamefika leo kwa miguu, hata kulia hawajamaliza. Matanga yanaanuliwa kesho mchana. Umewahi kuona wapi msiba unaezuliwa paa watu wamekaa chini yake?"

Sijawahi. Kwetu kitu kilichopelekwa msibani hakirudi mpaka matanga yaanuliwe. Sufuria, mkeka, benchi, hata kama mwenyewe anakihitaji, anavumilia. Hakuna sheria iliyoandikwa, lakini sijaona mtu akienda msibani kudai sufuria yake.

"Lakini kesho asubuhi utakuwa polisi," nikasema.

"Kesho mchana watakuwa wameanua. Nitasema baada ya hapo."

"Watakuamini?"

Akaingia ndani, akalala amegeukia ukuta na viatu vyake miguuni.

Nilikaa pale nje na kuyapanga upya yale maneno ya ghalani, moja moja. Mwalimu wetu wa sayansi husema tuandike kwanza tulichokiona, ndipo tutoe jibu. Sasa kila mtu pale alikuwa amesema alichokiona. Kipimo kilikuwa kikavu, kweli. Shambani kulikuwa kukavu, kweli. Baba alichota maji bwawani, kweli. Kwetu hakukunyesha, kweli, na hilo nilisema mimi mwenyewe, tena nikaongezea na nguo za kwenye kamba. Hakukuwa na uongo hata mmoja. Lakini ukiyajumlisha yote unapata Baba ni mwizi, na Baba si mwizi. Ilikuwa kama tumeulizwa juu ya mkate, kila mtu akajibu juu ya ganda la upande wake, na katikati hakuna aliyekata.

Nikachukua ndoo. Nikasema kwa sauti, "Naenda kuchota maji." Huo ndio uongo pekee uliosemwa siku ile, na niliusema mimi nikiwa njiani kwenda kusema kweli.

Meneja alikuwa kwenye kibaraza cha nyumba yake, anapiga pasi shati kwa pasi ya mkaa. Alipoiona ndoo akasema, "Kisima kiko upande ule, binti."

"Shikamoo."

"Marahaba. Umeshaniamkia leo."

Nikatazama pasi yake. Moto ulikuwa unapumua kwenye vitundu. Maneno niliyokuwa nimeyapanga njiani yakanikimbia, nikasema jambo ambalo mpaka leo likinijia nafunika uso kwa mto.

"Uliniuliza vibaya."

Akaiweka pasi pembeni. "Nini?"

"Uliniuliza kama nyumbani kulinyesha. Hukuniuliza nilikuwa wapi."

Akavuta kiti chake, akakaa, akasema taratibu, "Haya. Ulikuwa wapi?"

"Msibani. Kijiji kile cha katikati."

"Kulinyesha huko?"

"Kulinyesha sana."

"Sana kiasi gani?"

"Maji yalipita uani yakazima moto wa wanawake. Walihamisha sufuria kwa kukimbia."

"Na nyinyi mliokaa uani, mlilowa?"

"Hatukulowa."

"Kwa nini msilowe?"

Nilikuwa nimemwahidi Baba kwa macho tu, lakini niliona ni ahadi. Nikaitazama ndoo. Meneja akatazama juu kwenye paa la kibaraza chake, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa kule.

"Turubai," akasema.

"Mimi sijasema."

"Hujasema," akakubali. Akacheka, kicheko kifupi cha puani, halafu akainuka akavaa lile shati likiwa limepigwa pasi upande mmoja.

Nilidhani atakwenda peke yake. Lakini tulipopita ghalani na Landrova, msimamizi akauliza tunakwenda wapi, na meneja alipomwambia akaruka ndani na vijana wawili na kisu cha kukatia kamba. Mimi nilikuwa nyuma na ndoo yangu mapajani, naomba gari lipate pancha. Nilijiona nimewapeleka mwenyewe. Baba alikuwa amefunga mdomo wake kwa ajili ya watu wale, na mimi nilikuwa nawaongoza njia.

Kabla ya kufika kijijini magurudumu yakaanza kuteleza. Meneja akasimamisha gari, akateremka, akasimama mpakani. Nyuma yetu barabara ilikuwa nyeupe, mbele yetu ilikuwa nyeusi na ina madimbwi. Ungeweza kuweka mguu mmoja huku na mmoja kule. Na yeye alifanya hivyo hasa, mtu mzima, akaweka mguu mmoja huku na mmoja kule, akabaki hivyo kidogo.

"Kumbe," akasema. Akarudi ndani ya gari.

Tulipofika, watu walikuwa wamekaa vile vile. Uani kote kulikuwa na matope, isipokuwa chini ya turubai, ambako vumbi lilikuwa bado vumbi na watoto walikuwa wamelala juu ya mikeka. Mama alikuwa anagawa chai. Aliponiona nateremka kwenye gari la meneja na ndoo tupu, alisimama na birika hewani.

Msimamizi hakungoja. Alikwenda moja kwa moja kwenye nguzo, akashika kamba. Watu wakageuka. Na hapo mzee, yule mfiwa, akainuka kwa fimbo yake, akaja mpaka kwa meneja, akaushika mkono wake kwa mikono yake miwili.

"Mwanangu," akasema, "shamba limetukumbuka. Tungelowa sisi na wageni wa watu na hawa watoto. Umefanya vizuri umekuja mwenyewe. Nilikuwa namwambia mjukuu wangu, watu wa serikali nao wana mama zao."

Msimamizi alikuwa na kamba mkono mmoja na kisu mkono mwingine. Niliwaza: sasa atasema. Atasema shamba halikutuma kitu, dereva amelichukua bila ruhusa. Na ingekuwa kweli, neno kwa neno.

Meneja akavua kofia. "Pole sana, Babu," akasema. "Poleni nyote. Turubai mkae nalo mpaka mtakapoanua matanga. Shamba limesema hivyo."

Kisha bila kugeuza shingo, "Mzee wangu, acha kamba. Kaa, upewe chai."

Msimamizi akakaa. Akapewa chai, akapewa na kande, na nilimwona akiongezwa bakuli la pili. Mama mmoja akamtania kwamba ghala lake limejaa kuliko lile la kambini, akajibu, "Hili halina mizani, mama, ongeza tu." Wafiwa wenyewe walicheka, kicheko kile cha msibani cha kufunika mdomo kwa kanga.

Nimefikiri sana kama meneja alisema uongo. Asubuhi ya siku ile shamba lilikuwa halijasema neno juu ya lile turubai. Lakini kwa vile yeye ndiye aliyekuwa wa kusema kwa niaba ya shamba, alipotamka tu ikawa shamba limesema. Kwa hiyo mzee hakuwa amekosea, alikuwa amewahi tu. Sijui mwalimu wetu angeiweka wapi hesabu hiyo.

Tulirudi jua likiwa bado halijazama. Baba alikuwa amesimama mlangoni, ameshafua shati lake la safari, nadhani lile la kwendea polisi. Meneja akampa ufunguo wa lori mkononi.

"Siku nyingine ukitaka kutoa turubai, uje uniombe."

"Ungekataa," Baba akasema.

Meneja akafikiri. "Ningekataa," akakubali. "Lakini uje uniombe."

Halafu akasema ngano ile isiingizwe ghalani, imwagwe kwenye sakafu ya saruji ianikwe, na kwamba Baba ataandikiwa onyo kwa ajili ya turubai, kwa sababu hilo ni kosa na lazima liwepo. Baba akasema, "Liandikwe," kwa furaha, kama mtu anayekubali kuongezewa nyama. Mama aliporudi na kukuta habari imekwisha, alikaa chini kizingitini akacheka mpaka akashika mbavu. Baba alikula ugali wote na akaomba ukoko. Ni hapo tu alipoikumbuka ndoo akaniuliza maji niliyokwenda kuchota yako wapi. Nikasema kisima kilikuwa mbali. Akasema, "Naona. Kimefika mpaka msibani."

Hakunishukuru wala hakunikaripia. Alipokuwa anakwenda kulala alipita nyuma yangu, akaniwekea mkono kichwani, mzito, akaubakiza pale kidogo.

Asubuhi ilikuwa Jumapili. Jua lilichomoza Baba akiwa bado anakoroma, na Mama akasema tusimwamshe. Nilikunywa uji nimesimama, nikaenda ghalani peke yangu. Msimamizi alikuwa anafungua kufuli, na vijana wa kupakia walikuwa wamekaa ukutani wananitazama. Nikasema shikamoo kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia, nikasema, "Nimekuja kuanika ngano ya lori la Baba." Akaniitikia, akanionyesha lundo. Nikavua viatu, nikakunja sketi, nikaingia katikati ya ile ngano na kuanza kuigeuza kwa miguu, mstari kwa mstari, ya chini ije juu.